Peptidi nne za duara kutoka mimea: ipi itakufaa?

Mwanafunzi akinijia na pendekezo la utafiti juu ya peptidi za duara, karibu kila mara jina lililo juu ya ukurasa ni kalata B1. Simlaumu. Ndiyo yenye historia tamu kuliko zote, ndiyo iliyoandikwa sana, na michoro yake imejaa kila mahali. Ila namuuliza swali moja kabla hajaketi: unataka hiyo pete ikufanyie nini? Wengi huwa hawajajiuliza.

Basi leo naziweka nne mezani, ubavu kwa ubavu: kalata B1, cycloviolacin O2, MCoTI-II na SFTI-1. Zote zinatoka kwenye mimea, zote ni protini ndogo zilizofungwa zikawa pete, na zote zinavumilia mambo ambayo peptidi ya kawaida haiyawezi. Lakini ukizipa kazi moja, mbili zitakuangusha, na moja inaweza kukupotezea mwaka mzima. Nawaandikia hasa walio katika maabara zenye bajeti ndogo, ambako kosa la kuchagua hujitokeza mwezi wa nane, vitendanishi vikiwa vimekwisha na hakuna fedha ya kuagiza vingine.

Pete isiyo na kichwa wala mkia

Protini ya kawaida ni uzi wenye ncha mbili: upande mmoja kundi la amino, upande wa pili kundi la kaboksili. Vipo vimeng'enya ambavyo kazi yake ni kuula uzi huo kuanzia nchani, kama panya anavyouanza mkeka pembeni. Peptidi ya duara imeunganisha ncha zake kwa kifungo kile kile kinachounga asidi za amino nyingine zote. Haina kichwa wala mkia, na vimeng'enya hivyo havipati pa kuanzia.

Lakini uduara peke yake hautoshi. Katika kalata B1 na jamaa zake, wanaoitwa siklotidi tangu mwaka 1999, kuna sisteini sita, yaani asidi za amino zenye salfa, na kila mbili zimeshikana kwa daraja la salfa: ya kwanza na ya nne, ya pili na ya tano, ya tatu na ya sita. Nikifundisha hili situmii ubao. Natumia shanga. Tunga shanga 29 kwenye uzi, sita kati yake ziwe nyeusi, kisha funga uzi uwe kikuku. Sasa unga nyeusi ya kwanza na ya nne kwa kipande cha waya, na ya pili na ya tano kwa kipande kingine. Utaona katikati pamebaki dirisha dogo, lililozungushiwa waya mbili na vipande viwili vya uzi. Waya wa tatu, unaounga nyeusi ya tatu na ya sita, lazima upite ndani ya dirisha hilo. Hapo ndipo wanafunzi hunyamaza. Vidole vinashindwa kuupitisha, na akili inaelewa kwa nini kimeng'enya nacho kinashindwa kuingiza meno yake.

Fundo hilo na uduara kila kimoja kina zamu yake. Mwaka 2004 Michelle Colgrave na David Craik wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, waliijaribu kalata B1 kwa joto, kemikali na vimeng'enya. Uvumilivu wa joto na kemikali ulitoka hasa kwenye fundo la salfa. Pete iliongeza kinga dhidi ya vimeng'enya. Nawaomba mlikumbuke hili, kwa sababu litarudi tukifika kwa SFTI-1, ambayo ina pete lakini haina fundo.

Jambo jingine linalonishangaza hadi leo ni jinsi mimea inavyozifunga. Andika mfuatano wa kalata B1 kama ulivyo katika mnyororo wake wa awali, na asidi ya amino ya mwisho ni asparagini. Andika MCoTI-II au SFTI-1, na ya mwisho ni aspartati, ndugu wa karibu wa asparagini. Kimeng'enya kinachokata mahali hapo ni cha aina moja katika mimea hii isiyo na undugu wa karibu, na badala ya kukata tu na kuondoka, kinaunga kipande kilichobaki kichwa kwa mkia. Mimea ilifika kwenye ujanja uleule kwa njia zake mbalimbali. Mwaka 2014 watafiti wa Singapore walikitoa kimeng'enya cha namna hiyo kwenye maganda ya Clitoria ternatea, ule mmea wa kutambaa wenye ua la samawati iliyokolea. Wakakiita butelase 1, kutokana na jina la Kimalei la mmea, bunga telang. Mwaka uliofuata kikapatikana kingine kwenye mmea wenyewe wa kalata. Leo unaweza kukitumia kimeng'enya kama hicho kufunga pete bila kupigana na kemia ngumu, na kama maabara yako ina uwezo wa kuzalisha protini kwenye bakteria, nakushauri uifikirie njia hiyo mapema.

Kalata B1

Miaka ya 1960 daktari wa Norway, Lorents Gran, alikuwa Kongo na ujumbe wa Msalaba Mwekundu. Huko Kasai akaona wanawake wajawazito wakinywa maji ya mmea uliochemshwa ili kuharakisha uchungu wa uzazi. Dawa yenyewe waliiita kalata-kalata. Mmea ni Oldenlandia affinis, kijimmea cha familia ya mibuni, ile ile ya kahawa yetu. Gran alichukua sampuli, akaanza kuchambua, na mapema miaka ya 1970 akachapisha kwamba kiini kimojawapo ni peptidi.

Fikiria ugumu aliokutana nao. Peptidi nyingi huonekana kwenye karatasi ya kromatografia ukizinyunyizia ninhidrini, kwa sababu ninhidrini hushika kundi la amino na kutoa rangi ya zambarau. Kalata B1 haina ncha ya amino, wala haina lisini hata moja. Inakaa pale pale, na karatasi haionyeshi kitu. Njia ya Edman ya kusoma mfuatano nayo huanzia kwenye ncha ya amino, na hapa ncha hakuna. Ilichukua zaidi ya miaka 20, hadi 1995, ndipo umbo lake kamili likachapishwa na ikadhihirika kwamba ni duara lenye fundo.

Tazama sasa kazi ya wale wanawake kwa jicho la kemia. Oksitosini, homoni tunayoitumia kuzuia mama asitokwe damu baada ya kujifungua, ni peptidi ya asidi tisa za amino yenye daraja moja la salfa. Lazima itunzwe kwenye baridi, kati ya nyuzi 2 na 8, na kila aliyefanya kazi kwenye zahanati isiyo na umeme wa uhakika anajua maana yake. Ukiichemsha na kuimeza, umeipoteza. Wanawake wa Kasai walikuwa na peptidi inayochemshwa chunguni na bado inabaki nzima.

Hapa wengi wanakosea. Mwaka 2013 kundi la Christian Gruber, Vienna, lilionyesha kwamba siklotidi za mmea huo zinaweza kuamsha kipokezi cha oksitosini, na iliyobainishwa wazi ni kalata B7, si B1. Ukitaka kuchunguza uchungu wa uzazi, andika B7 kwenye pendekezo lako. Na kwa yeyote anayesoma haya akiwa mjamzito au mkunga: chai hii haina kipimo kinachojulikana, mikazo ya mji wa mimba ikizidi hakuna wa kuirudisha, na maisha mawili yako mezani. Hospitali kwanza.

Kalata B1 yenyewe inafaa wapi? Kwanza, kwa kujifunza fundo. Sisteini sita zinaweza kushikana kwa njia 15, na moja tu ndiyo sahihi, lakini kalata B1 hujikunja vizuri yenyewe ukiiweka usiku kucha kwenye bafa ya bikaboneti ya amonia iliyochanganywa nusu kwa nusu na isopropanoli, pamoja na glutathioni. Ina kifungo kimoja kabla ya prolini, baada ya triptofani, kilichogeuka upande usio wa kawaida, hivyo uti wake, yaani mnyororo wenyewe, umejipinda kama utepe wa Möbius, ule unaosokotwa nusu mzunguko kabla ya kuungwa ncha. Ndiyo maana kundi lake linaitwa Möbius.

Pili, kwa wadudu. Mwaka 2001 ilionyeshwa kwamba viwavi wa Helicoverpa punctigera wakilishwa kalata B1 hudumaa. Baadaye ikaonekana seli za utumbo wao wa kati zinavimba na kupasuka. Huyo ni binamu wa Helicoverpa armigera, funza wa vitumba, anayemsumbua mkulima wa pamba na nyanya huku kwetu. Australia tayari kuna dawa ya shambani, Sero-X, inayotengenezwa kutokana na Clitoria ternatea, mmea wenye siklotidi zake mwenyewe. Kwa mtu wa kilimo, sioni mlango mzuri kuliko huu.

Kasoro yake ni ile ile inayoua viwavi: inashika mafuta fulani ya utando wa seli, fosfatidili-ethanolamini, na kuutoboa. Chembe nyekundu za damu nazo hupasuka. Ukibadilisha asidi moja ya amino mahali panapofaa, madhara hayo yanaweza kutoweka, na hapo ndipo dawa zinapoanzia. Toleo moja lililobadilishwa, T20K, lilipunguza ugonjwa wa neva unaofanana na sklerosisi nyingi (multiple sclerosis) katika panya walionyweshwa, kama ilivyochapishwa 2016. Ukichagua kalata B1 kwa kazi ya dawa, mwaka wako wa kwanza utakuwa wa kuondoa sumu, si wa kuongeza kazi mpya. Panga ukijua hivyo.

Cycloviolacin O2

Hii ni ya Viola odorata, ua dogo la zambarau la Ulaya, na waliolichambua sana ni watu wa Uppsala, Sweden. Ina asidi 30 za amino na fundo lile lile, ila uti wake haujapinda. Kundi lake huitwa bangili. Tofauti inaonekana ndogo kwenye karatasi, na ni kubwa kwenye kazi. Kalata B1 haina chaji kwa jumla: glutamati yake moja inafutwa na arginini yake moja. Cycloviolacin O2 ina chaji chanya mbili, na utando wa bakteria wa Gramu hasi una chaji hasi. Inawaua bakteria hao, na katika sahani ya maabara inaua seli za saratani kwa kiasi kidogo.

Shida ni kwamba haibagui vya kutosha. Seli zenye afya za mwili nazo zinaumia. Na kuitengeneza kwa kemia ni kazi ya subira, kwa kuwa bangili hazipendi kujikunja. Mwaka 2008 Teshome Leta Aboye na wenzake wa Uppsala walilazimika kutafuta mchanganyiko maalumu wenye dimethili-salfoksidi na sabuni ya maabara ndipo ikakubali. Ukiitaka, itoe kwenye mmea. Na uitake tu kama swali lako ni la utando wa seli wenyewe.

MCoTI-II

Sasa tunafika kwenye pete ninayoipenda. Inatoka kwenye mbegu za Momordica cochinchinensis, tunda jekundu lenye miiba ambalo Wavietinamu huita gấc na kulipikia wali wa sherehe. Ni binamu wa karela. Iliripotiwa mwaka 2000. Ina asidi 34 za amino na fundo la salfa kama siklotidi nyingine, lakini mfuatano wake karibu haufanani nazo kabisa, wala haitoboi utando. Kazi yake ni kuzuia tripsini, kimeng'enya cha kongosho kinachokata protini baada ya lisini au arginini.

Kwa nini naipenda? Kwa sababu inaingia ndani ya seli bila kuipasua. Hilo lilionyeshwa mwaka 2007, na linabadilisha kila kitu: dawa nyingi za peptidi zinagonga mlango wa seli na kubaki nje. Inajikunja bila matata hata kwenye bafa ya kawaida. Na kitanzi chake cha sita (kitanzi ni kipande cha mnyororo kati ya sisteini moja na inayofuata) ni kirefu, kimejaa glisini na serini, kinalegea, kwa hiyo unaweza kukitoa na kuweka kitu chako. Mwaka 2013 kundi la Julio Camarero, Marekani, lilipandikiza kwenye MCoTI-I, pacha wake, kipande kinachoziondoa protini zinazoizuia p53, protini ya mwili inayokabili saratani, ili p53 irudi kazini kuua seli za saratani. Kilifanya kazi ndani ya seli, na hata kwenye panya wenye uvimbe. Kundi hilohilo limeonyesha pia kwamba pete hizi zinaweza kuzalishwa ndani ya bakteria E. coli, kwa kutumia vipande vya protini vinavyojikata vyenyewe.

Kama una kipande cha peptidi unachotaka kukipeleka ndani ya seli, acha kuhangaika na kalata. Chukua hii.

Tahadhari moja. Kitanzi cha kwanza, ndicho kinachoshika tripsini, kina lisini yenye kazi. Ukisahau kuibadilisha, peptidi yako "mpya" itaendelea kuzuia tripsini, na utasoma matokeo ya kazi ya zamani ukidhani ni ya kipande ulichopandikiza. Nimewahi kukaa na kijana aliyepata matokeo mazuri kwa miezi mitatu, kumbe yote yalikuwa ya lisini hiyo. Tulirudia jaribio na toleo lisilo na kipande chochote, namba zikatoka zile zile, na akatulia kimya kwa muda mrefu akitazama grafu.

SFTI-1

Mbegu ya alizeti ina pete yake. Umbo lake lilionekana ikiwa imeshikana na tripsini ndani ya fuwele, likachapishwa 1999. Asidi 14 za amino tu, daraja moja la salfa katikati linaloigawa pete vitanzi viwili. Kimoja kinashika tripsini kwa nguvu za ajabu kwa kitu kidogo hivyo. Mwaka 2011 ikaonekana mmea unaikata kutoka kwenye mnyororo ule ule unaozalisha albumini, protini ya akiba ya mbegu. Chakula cha mche na kinga vimefungashwa pamoja.

Hii ndiyo ninayomshauri karibu kila anayeanza, na sababu si za kishairi. Piga hesabu. Katika kutengeneza peptidi hatua kwa hatua, tuseme kila hatua inafanikiwa kwa asilimia 97. Kwa SFTI-1, yenye hatua 13, utabaki na takriban asilimia 67 ya mnyororo mzima. Kwa kalata B1, yenye hatua 28, takriban 43. Kwa MCoTI-II, hatua 33, takriban 37. Na hapo hujafunga pete wala kutengeneza fundo. Kisha sisteini za SFTI-1 ni mbili, kwa hiyo zinashikana kwa njia moja tu. Hakuna njia 14 potofu za kukuharibia usiku.

Hata bila mashine ya kutengeneza peptidi unaweza kuanza. Alizeti ya Singida au Dodoma inatosha. Hivi ndivyo tunavyofanya: mbegu zinamenywa kwa mkono, zinasagwa kwenye kinu, unga unaoshwa kwa heksani mara mbili hadi tatu. Usiruke hatua hiyo. Mara yangu ya kwanza niliiruka ili kuokoa muda, mafuta yakaziba safu ya C18, lile bomba la kutenganishia kemikali, na kioevu kikawa kinadondoka tone moja kwa dakika. Unga ukikauka, toa peptidi kwa maji yenye asetonitrili na asidi kidogo, chuja, pitisha kwenye safu. Halafu jaribio linaloeleweka kwa macho: weka tripsini kwenye kisima cha sahani ya majaribio, ongeza BAPNA, kemikali inayotoa rangi ya njano tripsini ikiikata, na baada ya dakika chache maji yanageuka njano. Kwenye kisima cha pili weka kwanza tone la sampuli yako. Kikibaki cheupe huku jirani yake akiwa njano kama manjano ya pilau, umemshika unayemtafuta, au angalau mmoja wa jamaa zake wanaozuia tripsini. Uthibitisho unatoka kwenye spektrometa ya masi, mashine ya kupima uzito wa molekuli: takriban Daltoni 1,513 (Daltoni ni kipimo cha uzito huo).

Kuna jambo zuri la kusimulia darasani. Tripsini huikata kweli SFTI-1, baada ya lisini ya tano. Ila vipande havina pa kwenda, kwa kuwa pete na daraja vinavishikilia mahali pake, na kimeng'enya kinajikuta kinaunga tena kile kilichokata.

Udhaifu wake nao useme wazi. Haina fundo. Mazingira yanayovunja madaraja ya salfa, kama ndani ya seli, yanaifungua kirahisi kuliko siklotidi. Ni ndogo, kwa hiyo haibebi kipande kirefu. Lakini kama shabaha yako ni kimeng'enya kinachokata protini, hasa vile vinavyofanana na tripsini kama matriptase na kalikreini za tezi dume, hakuna kiolezo rahisi zaidi: badilisha asidi mbili tatu kwenye kitanzi, na inageuka kumkabili adui mwingine.

Zikiwa pamoja

| | Kalata B1 | Cycloviolacin O2 | MCoTI-II | SFTI-1 |
|---|---|---|---|---|
| Mmea | Oldenlandia affinis | Viola odorata | Momordica cochinchinensis | Alizeti |
| Asidi za amino | 29 | 30 | 34 | 14 |
| Madaraja ya salfa | 3, fundo | 3, fundo | 3, fundo | 1, bila fundo |
| Chaji kwa jumla | 0 | +2 | +3 | +1 |
| Uzito, Daltoni | takriban 2,890 | takriban 3,140 | takriban 3,450 | takriban 1,513 |
| Hupasua utando? | Ndiyo | Ndiyo, sana | Hapana | Hapana |
| Kujikunja maabarani | Nzuri | Ngumu | Nzuri | Rahisi |

Kwa mtu wa wadudu na minyoo, ni kalata B1 na jamaa zake. Kwa mtu wa utando na bakteria, cycloviolacin O2. Kwa mtu wa ndani ya seli, MCoTI-II. Kwa mtu wa vimeng'enya, na kwa mtu mwenye fedha kidogo na muda mfupi, SFTI-1. Mbegu za kitani nazo zina pete zake ndogo zisizo na daraja la salfa hata moja, ya kwanza ikijulikana tangu 1959, lakini hizo ni ukoo mwingine wenye kemia yake, sikuzileta hapa.

Neno moja linapaswa kufutwa kwenye mapendekezo yote ninayoyasoma: "ni imara, kwa hiyo inafaa kumezwa." Kutosagwa tumboni ni jambo moja, kupenya ukuta wa utumbo na kufika kwenye damu ni jambo la pili. Pete nyingi za namna hii zinavuka tumbo salama, kisha sehemu kubwa inatoka upande wa pili. Kama dawa yako lazima imezwe, pima upenyaji mapema, kabla hujapandikiza chochote.

Kuhakikisha unachokishika

Yeyote utakayemchagua, fanya jaribio hili kabla ya kuandika neno "siklotidi" kwenye ripoti. Pima uzito. Vunja madaraja ya salfa kwa kemikali ya kurejesha (reducing agent), kisha ziba sisteini kwa iodoasetamidi. Peptidi yenye madaraja matatu itaongezeka Daltoni 348: sita za hidrojeni, na 57 kwa kila sisteini. SFTI-1 itaongezeka 116. Halafu, kwa kalata B1 au cycloviolacin O2, kata kwa kimeng'enya kinachokata baada ya glutamati. Kila moja inayo moja tu. Kama ni pete, mkato mmoja hautakupa vipande viwili. Utapata kipande kimoja, kizito zaidi kwa Daltoni 18, yaani molekuli moja ya maji iliyoingia mahali pete ilipofunguka. Mara ya kwanza ukiliona ongezeko hilo kwenye skrini utaelewa kwa nini watu wamezitumikia pete hizi maisha yao yote.

Kabla ya kuchuma

Viola tricolor peke yake ilikutwa na siklotidi 164, kwa utafiti uliochapishwa 2015. Familia ya mibuni ni moja ya familia kubwa za mimea duniani, na spishi zake zimejaa katika misitu yetu. Circulin A na B, zilizoripotiwa 1994 kwa uwezo wa kuzuia virusi vya Ukimwi katika seli za maabara, zilitoka kwa Chassalia parvifolia, mti mdogo wa Afrika Mashariki. Kwa hiyo hatuna sababu ya kuagiza kila kitu kutoka nje.

Ila ukienda kuchuma, nenda na kibali, na sampuli moja iliyokaushwa ibaki hebariamu (hifadhi ya mimea iliyokaushwa) ikiwa na tarehe na mahali, ili mwingine aweze kuirudia kazi yako. Na ukielekezwa na mama au mganga wa kijiji, andika makubaliano naye kabla hujang'oa jani. Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa wa kugawana faida za mimea na viumbe, ulioanza kutumika 2014, inadai hivyo. Makala zote nilizowahi kusoma kuhusu kalata zinamtaja daktari aliyeutambua ule mmea. Sijaona hata moja yenye jina la mwanamke wa Kasai aliyemwonyesha chungu. Kwenye daftari lako la maabara, ukurasa wa kwanza, acha mstari kwa jina hilo, na ulijaze siku ile ile ya kuchuma, kwa ridhaa ya mwenyewe.